NAMBA ILIYO NYUMA YA ALBAMU

Kila mtu aliyewahi kushika sabuni, pakiti ya biskuti au chupa ya mafuta ya alizeti dukani ameona milia myeusi iliyosimama wima, mingine mipana na mingine myembamba kama uzi, na chini yake tarakimu. Milia hiyo ndiyo bakodi. Wataalamu wa lugha huiita msimbomilia. Wenzetu wengi hudhani kuwa ni pambo la karatasi, au kwamba bei imefichwa humo. Si pambo, wala bei haimo. Katika makala haya nataka kueleza namba hiyo inafanya kazi gani, nami nimechagua kuitazama nyuma ya albamu za muziki wa rhythm and blues, kwa kuwa huko hesabu yake inaonekana vizuri, na kwa kuwa bwenini kwetu haupiti usiku bila ya watu kubishana juu ya waimbaji.

Bakodi ilibuniwa Marekani. Norman Joseph Woodland na Bernard Silver walipewa hataza mwaka 1952, lakini mashine ya kuisoma kwa bei ya kufaa ilikuwa bado. Milia tunayoiona leo ilichorwa na George Laurer wa kampuni ya IBM. Kitu cha kwanza kuuzwa dukani kwa kusomwa hivyo kilikuwa pakiti ya bigijii, mjini Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Baadaye milia hiyo ikahamia kwenye majalada ya santuri.

Natuchukue albamu ya Michael Jackson iitwayo Thriller, ya mwaka 1982, ambayo ilikaa wiki 37 katika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya albamu za weusi wa Marekani. Namba ya CD yake ni 074643811224. Tarakimu ni 12. Tano za kwanza, 07464, ni za kampuni iliyoitoa. Tano zinazofuata, 38112, ni namba ya albamu katika daftari la kampuni hiyo. Ya kumi na moja inasema albamu imetolewa kwa namna gani: kwa desturi ya kampuni za muziki za Marekani 1 ni santuri, 2 ni CD, na 4 ni kaseti. Kwa hiyo nyimbo ni zile zile tisa, mwimbaji ni yule yule, lakini santuri, kaseti na CD kila moja ina namba yake. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Namba hii haitambulishi wimbo wala mwimbaji, inatambulisha toleo.

Tarakimu ya mwisho ndiyo tamu kuliko zote, maana ni mlinzi. Jumlisha tarakimu za nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 0 + 4 + 4 + 8 + 1 + 2 = 19. Zidisha kwa 3, upate 57. Jumlisha za nafasi ya 2, 4, 6, 8 na 10: 7 + 6 + 3 + 1 + 2 = 19. Jumla yote ni 76. Ili tufike 80 zatakiwa 4, na 4 ndiyo tarakimu ya mwisho. Karani akikosea tarakimu moja tu, jumla haitaishia na sifuri, na mashine itakataa.

Mwanafunzi wa hesabu atauliza, kwa nini 3 na si 2? Jaribu 2 uone. Mtu akiandika 7 mahali pa 2, tofauti ni 5, na 5 mara 2 ni 10. Jumla itaishia na tarakimu ile ile, na kosa litapita bila kuonekana. 3 haina udhaifu huo. Hata hivyo mlinzi huyu naye husinzia kidogo: ukibadilishana nafasi tarakimu mbili zilizo jirani na zinazotofautiana kwa 5, kama 1 na 6, hatatambua.

Sasa, faida yake kwa mwanamuziki ni nini? Hadi mwaka 1949 gazeti la Billboard la Marekani liliziita santuri za weusi kwa jina la rangi yao. Mwaka huo ndipo jina rhythm and blues, lililotungwa na Jerry Wexler, liliposhika nafasi. Lakini hata baada ya jina kubadilika, orodha za mauzo zilijengwa kwa maneno ya wenye maduka. Waliulizwa kwa simu ni albamu zipi zinakwenda vizuri, nao walijibu walivyoona, au walivyopenda. Kuanzia tarehe 25 Mei 1991 orodha kuu ya albamu ilianza kuhesabiwa kwa bakodi zilizosomwa wakati wa kulipa. Mara mambo yakageuka. Mwezi Juni mwaka huo huo kundi la rap la N.W.A. lilifika nafasi ya kwanza, na mwishoni mwa 1992 albamu ya filamu The Bodyguard, aliyoimba Whitney Houston, ilihesabiwa kuuza nakala zaidi ya milioni moja katika wiki moja. Wanunuzi walikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kuwahesabu.

Turudi nyumbani. Ofisi ya GS1 Tanzania ilianzishwa mwaka 2011, na namba zake za tarakimu 13 huanza na 620. Za Kenya huanza na 616. Kabla ya hapo baadhi ya wenye viwanda wetu walitumia namba za nchi nyingine. Lakini yafaa kufahamu kwamba 620 haisemi kitu kimetengenezwa wapi. Inasema namba ilitolewa na ofisi ipi. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa wetu huu wa Dodoma aliyefariki 2003, alitoa albamu ya Chibite kwa kampuni ya Real World ya Uingereza. Zeze na ilimba ni vya kwetu, lakini namba ya albamu hutafutwa na kampuni inayoitoa. Wale Zawose Queens, waliotoa Maisha mwaka 2024, nao waliitoa kwa kampuni hiyo hiyo.

Baba yangu mdogo ana sanduku la kaseti za zamani za dansi na taarabu. Nimezigeuza zote, wala sikuona mlia hata mmoja. Mwanamuziki wa kaseti kama hizo aliambiwa tu na mwuzaji, "zimekwenda kidogo," naye akapokea alichopewa. Mwaka 2013 serikali ilileta stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, ili nakala halali ijulikane. Hiyo ni kazi nyingine, si ya kutambulisha toleo.

Siku hizi nyimbo huuzwa kwa intaneti, pasipo jalada la kuchapa milia. Namba haikufa. Albamu hupewa namba ile ile ya tarakimu 12 au 13, na kila wimbo uliorekodiwa hupewa alama yake iitwayo ISRC: herufi mbili, kisha alama tatu za mwenye kusajili, tarakimu mbili za mwaka, na tano za wimbo. Wapo vijana hapa shuleni wanaorekodi nyimbo wakati wa likizo na kumwachia rafiki azipandishe. Na wamwulize rafiki huyo: alama hizo zimesajiliwa kwa jina la nani, na zimeandikwa wapi? Wimbo ukihamishwa kwa msambazaji mwingine na kupewa ISRC mpya, hesabu ya wasikilizaji yaweza kuanza tena sifuri, na malipo ya zamani yaweza kubaki kwa mtu asiyejulikana.

Atakayependa na ajaribu Thriller ya kaseti kwa kalamu: ondoa 2 ya nafasi ya kumi na moja, weka 4. Tarakimu ya mwisho itakuwa 8. Ya santuri nawaachia wa kidato cha kwanza.