Moyo Ulioachwa Mtini: Kisa cha Kima na Papa kwa Mtazamo wa Nadharia ya Michezo

Utangulizi

Ni kawaida kukisoma kisa cha Kima na Papa kama ushindi wa mjanja dhidi ya mjinga. Usomaji huo una ukweli, ila hautuonyeshi ni katika hatua ipi hasa Papa alikosea. Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kutumia nadharia ya michezo, taaluma iliyowekewa msingi na kitabu cha John von Neumann na Oskar Morgenstern cha mwaka 1944. Matini inayorejelewa ni ile iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, ndani ya kisa cha punda wa dobi.

Dhana za Kimsingi

Mchezo wa zamu ni ule ambao mchezaji mmoja hutenda kwanza, na mwenziwe hutenda baada ya kukiona kitendo hicho. Bao ni mfano mwafaka. Mchezo wa aina hii huchorwa kama mti: kila kifundo ni zamu ya mchezaji fulani, kila tawi ni tendo analoweza kulichagua, na kwenye ncha huandikwa malipo ya kila mmoja. Mkakati, basi, si tendo moja, bali ni mpango kamili unaoeleza atakalofanya mchezaji katika kila kifundo chake, hata kile ambacho huenda mchezo usikifikie. Ili kuufumbua mti huu, twaanzia nchani na kurudi nyuma hadi shinani. Mwaka 1965, Reinhard Selten alionyesha kwamba ahadi au tishio ambalo mwenyewe hatakuwa na sababu ya kulitekeleza zamu yake ifikapo halistahili kuaminiwa.

Uchanganuzi

Kima alizoea kumtupia Papa matunda ya mkuyu, hata wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, naye Kima akampanda mgongoni. Walipofika baharini, Papa akafichua kuwa sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Sasa ni zamu ya Papa: aendelee au arudi?

Tuanzie mwisho. Kima akishaufikia mti, atachagua kushuka na kufa, au kubaki juu na kuishi. Bila shaka atabaki. Kwa hiyo, Papa akirudi hapati moyo, uwe mtini au kifuani. Akiendelea, atakosa moyo iwapo kweli uko mtini, lakini ataupata iwapo uko kifuani. Hivi ni kusema kwamba kuendelea hakumpunguzii kitu kwa vyovyote vile, na huenda kukamfaidi. Kosa la Papa, basi, si kuamini tu kwamba moyo huweza kuachwa nyumbani. Hata kama jambo hilo lingekuwa kweli, kurudi kusingemfaa. Alikosea kwa kutoitazama zamu ya mwisho ya mwenziwe.

Kima mwenyewe anaijua kanuni hii. Papa anapomwita ashuke, anamsimulia habari za punda aliyenusurika kwa simba, kisha akashawishiwa na sungura kurudi, akauawa. Hadithi ya ndani ndiyo hoja ya hadithi ya nje: aliyekwisha kuuona mwisho wa mchezo hana udhuru wa kuucheza tena.

Hitimisho

Hata hivyo, nadharia hii ina mipaka. Papa hakufaidika lolote kwa kufichua siri akiwa safarini, na hesabu ya malipo huweza tu kuliita tendo hilo kosa. Mhakiki wa fasihi, kwa upande wake, ana haki ya kuuliza iwapo matunda aliyoyala muda wote huo hayakumsuta. Mti wa mchezo hutuonyesha mahali pa kuuliza. Jibu tutalitafuta katika matini.