Kabla ya Kusaini Mzigo wa Shaba

Madereva wengi wa Lubumbashi huanza na lori la patroni. Miaka ikipita wanatafuta la kwao: la okazio, kwa akiba kidogo, mkopo wa ndugu na ahadi ya kumalizia polepole. Dereva kama huyo barabara ya Likasi na Kolwezi anaijua usiku na mchana. Kinachomwangusha ni karatasi, na huko ndiko sheria ilikompa nguvu kuliko anavyodhani.

Tuanze na lori lenyewe. Kongo inafuata sheria za biashara za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu tarehe 12 Septemba 2012. Chini ya sheria hizo, lori likiwekwa rehani, rehani hiyo huandikishwa kwenye rejista ya biashara, RCCM, na kutajwa kwenye hati ya gari, karte roze. Basi usiishie kusikiliza injini. Soma karte roze kwa makini, kisha nenda kwa karani wa mahakama ya biashara, Tribunal de commerce, ukaulize kama muuzaji ana deni lililoandikishwa juu ya lori hilo. Kama unalipa kwa awamu, muuzaji anaweza kubaki mwenye mali hadi senti ya mwisho, lakini sharti hilo lazima liwe kwenye maandishi, na si baada ya siku ya kukabidhiwa lori. Kila awamu isainiwe. Mapatano ya mdomo hayatakusaidia siku lori litakapovutwa uani kwa mwenyewe ukiwa umebakiza awamu mbili.

Huhitaji kuanzisha kampuni. Sheria ina hadhi ya entreprenant: mtu mmoja anayetangaza shughuli yake bila malipo, akapewa namba, na ndipo anaanza kazi. Namba hiyo iandike kwenye kila faktira, na weka daftari la mapato na matumizi ya kila siku. Mapato yakizidi kikomo cha sheria miaka miwili mfululizo, unahamia RCCM kama mfanyabiashara wa kawaida. Hadhi hii ni rahisi, ila ina upande wake mchungu: wewe na biashara yako ni mtu mmoja mbele ya wadai. Deni la lori linaweza kuifikia nyumba.

Sasa tuje kwenye upakiaji, maana hapo ndipo wengi huumia. Sheria ya OHADA ya usafirishaji wa mizigo kwa barabara, inayotumika tangu 2004 katika nchi za kwanza za OHADA, inakulinda Kolwezi hadi Lubumbashi, na hata ukivuka Kasumbalesa kwenda Zambia au Dar es Salaam, kwa kuwa inatosha nchi moja tu ya safari iwe mwanachama. Lakini inataka ukague mzigo unapoupokea: idadi, alama, hali ya nje. Usipoandika kasoro kwenye hati ya usafirishaji, lettre de voiture, inachukuliwa kwamba ulipokea kila kitu kikiwa sawa.

Chukua mfano: mafungu ya vibamba vya shaba yako juu ya trela. Fungu moja mkanda wake wa chuma umekatika, vibamba vya juu vimeteleza. Karani wa upakiaji anakunyoshea kalamu: “Papa, saini, wengine wanangoja.” Wacha wangoje. Andika: “Fungu hili mkanda umekatika, vibamba havikuhesabiwa.” Kama ni kontena lililofungwa lakiri kabla hujafika, andika kwamba hukuweza kuhesabu, na utaje sababu. Mwombe msimamizi wao asaini kando ya maneno hayo, kwa maana kasoro ambayo mwenye mzigo hakuikubali ni rahisi kubishaniwa. Nakala yako usiiache ofisini kwao.

Kwa nini nasisitiza? Mzigo ukipotea, fidia unayodaiwa kwa kawaida haivuki faranga za CFA 5,000 kwa kilo. Inasikika kama kinga. Piga hesabu: ni kama yuro 7.6 kwa kilo. Tani 30 zikipotea zote, kikomo kinafika yuro 228,000 na zaidi. Kwa mwenye lori moja hiyo si kinga. Kwa maoni yangu anayeanza na mtaji mdogo abebe kwanza saruji au unga wa mahindi, au asiguse shaba bila bima ya mzigo wenyewe, kwani bima ya lazima ya gari hulipa madhara ya wengine barabarani tu. Na asidi ya migodini? Sheria hii haigusi mizigo ya hatari. Huko unahitaji mkataba wako mwenyewe, uliosomwa na mwanasheria.

Kuhusu rulage, yaani polisi wa barabarani, na mipaka nitasema machache. Katiba, ibara ya 174, inasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Amri ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja huduma nne za kufanya kazi mpakani: forodha, ofisi ya udhibiti wa bidhaa (OCC), uhamiaji na usafi wa mipaka. Yeyote mwingine muulize anatoza kwa karatasi gani, kabla hujahesabu makuta.

Limebaki lile la kulipwa. Nauli hulipwa kabla ya kukabidhi mzigo, isipokuwa lettre de voiture yenyewe inasema vinginevyo, hivyo soma mstari huo kabla ya kuondoka. Usipolipwa, una haki ya kuuzuia mzigo kwa deni lililotokana na safari hiyo. Kuuzuia si kuuuza: ukiuuza bila hakimu, mdai anageuka mshitakiwa. Kama mzigo umeshashushwa, andika barua ya madai, kisha mwombe rais wa Tribunal de commerce amri ya kulipa, injonction de payer, ukiambatanisha lettre de voiture na faktira. Una mwaka mmoja tangu siku ya kukabidhi mzigo. Baada ya hapo madai yamekufa, hata kama patroni wao bado anakuambia kila Ijumaa upite Jumatatu.