Mashine Nzuri, Mteja Yuko Wapi?

Wadogo zangu wa uhandisi, leo nina neno nanyi, hasa ninyi ambao mradi wa mwisho umeshaanza kuwanyima usingizi.

Kuna mashine za kupukuchua mahindi zinazopata alama A, kisha zinaota kutu nyuma ya karakana ya chuo. Zinafanya kazi vizuri tu. Kilichokosekana ni mtu wa kuzilipia.

Kwa hiyo, kabla hujaanza kuchora, nenda kamwone mkulima. Usimuulize kama ataipenda mashine yako. Atakuitikia kwa adabu tu. Muulize msimu uliopita alipukuchulia wapi, alimlipa nani, na shilingi ngapi kwa gunia. Hiyo ndiyo bei unayoshindana nayo.

Kisha shika daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Tuseme vyuma, mota na rangi vimekula shilingi 400,000, ukauza 500,000. Usiishangilie hiyo laki. Mchomeleaji umemlipa? Umeme je? Usafiri hadi kijijini? Na beringi ikifa baada ya wiki mbili, fundi ataifuata kwa nauli ya nani?

Namna ya kulipwa nayo husanifiwa. Mtazameni Dk. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Mwaka 2015 chujio lake la maji, Nanofilter, lilimpatia tuzo ya ubunifu wa kihandisi Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Lakini si kila kaya ingemudu kununua chujio, liwe na tuzo au bila tuzo. Vikawekwa vituo ambako watu wananunua maji yaliyokwisha kuchujwa, kwa bei nafuu. Asiye na fedha ya chujio hakosi ya ndoo moja ya maji.

Makaratasi msiyaogope: BRELA kwa jina la biashara, TRA kwa namba ya mlipakodi (TIN), TBS kwa alama ya ubora. Kwa mnaoanza wadogo, piteni SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza wawaelekeze. Na kama mradi ni wa watu wanne, andikianeni mapema nani ana hisa kiasi gani. Urafiki wa hosteli huyumba pesa ikiingia.

Wiki hii, kabla ya kununua chuma, mtafute mtu mmoja aliye tayari kutoa walau malipo ya awali. Akikataa usinune, mdogo wangu. Muulize sababu, iandike, kisha urudi kwenye mchoro.