Mama anataka kuacha sindano

*Shangazi, mama yangu ana miaka 62 na anajichoma insulini asubuhi na jioni. Mwezi uliopita kaka yangu aliyeko Muscat alimtumia video: mtu kabandika kidude mkononi, anasema ni plasta ya umeme, inaingiza dawa mwilini bila sindano. Hapa mtaani sasa kuna kijana anaziuza laki tatu na nusu, na mama ameshauza mbuzi wawili. Anasema mapaja yake yamechoka kudungwa, na mimi nikimkataza ananiambia nataka ateseke. Je, plasta hizi zipo kweli au ni utapeli?*

*Binti wa mwisho, Tanga*

Mwanangu, mwambie mama hela ya mbuzi aishike kwanza. Ila usimwambie kuwa plasta ya umeme ni uongo, kwa sababu si uongo, na siku akigundua kwamba zipo hatakusikiliza tena kwa lolote.

Dawa nyingi zikiyeyuka kwenye maji huwa na chaji, chanya au hasi, na chaji zinazofanana hufukuzana. Weka dawa yenye chaji chanya chini ya ncha chanya ya betri, basi itakimbilia ndani ya ngozi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mfaransa mmoja wa Nantes, Stéphane Leduc, alilionyesha jambo hili kwa namna ya kikatili kidogo. Alichukua sungura wawili na kuwaunganisha kwenye mkondo mmoja wa umeme. Mmoja aliwekewa strikinini kwenye ncha chanya, mwenzake sianidi kwenye ncha hasi. Wote wawili wakafa. Aliporudia na sungura wengine kwa sumu zilezile, ila ncha zimegeuzwa, hakufa hata mmoja. Kumbe umeme wenyewe haukuwa muuaji. Kilichoua ni upande ulikoisukuma sumu.

Kutokana na elimu hiyo zikaja plasta zenye betri. Nitakutajia mbili, maana yaliyozipata yanafundisha kuliko matangazo. Zecuity iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa wagonjwa wa kipandauso, ambao mara nyingi hutapika kidonge kabla hakijafanya kazi. Ilibandikwa mkononi au pajani kwa saa 4. Ilianza kuuzwa 2015, na kufikia Juni 2016 mauzo yakasitishwa, kwa sababu watu waliripoti kuungua na kubaki na makovu. Ya pili, Ionsys, ilikuwa ya fentanili, dawa kali ya maumivu baada ya upasuaji. Mgonjwa akibonyeza kitufe, anapata mikrogramu 40 kwa dakika 10, na ilitumika ndani ya hospitali tu. Ulaya iliondolewa 2008, baada ya kukutwa kutu kwenye sehemu yake mojawapo, ikahofiwa kwamba ingeweza kujiwasha yenyewe. Fikiria sasa plasta yenye insulini ijiwashe usiku mama akiwa amelala.

Lakini hata kufika huko hatufiki, kwa sababu insulini haipiti. Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokufa, jembamba kuliko karatasi, lakini ni mlinzi mkali. Dawa zinazopita kwenye plasta za kawaida, kama nikotini ya wanaoacha sigara, zina molekuli ndogo, zenye uzito usiozidi 500 hivi. Insulini ina takribani 5,800, na juu ya hapo molekuli zake hupenda kushikamana sita sita. Watafiti wamejaribu kuisukuma kwa umeme kwenye wanyama tangu zamani, lakini hawajapata plasta ya kumtegemeza mgonjwa wa kisukari.

Nadhani najua kilichomchanganya kaka yako. Kuna vidude viwili vinavyoonekana sana mikononi mwa watu wa nje. Kimoja ni kihisi kinachopima sukari tu. Hakitoi dawa yoyote. Kingine ni pampu ndogo ya kubandika, kama Omnipod, na hiyo kweli hutoa insulini, ila kupitia mrija mwembamba ulioingizwa chini ya ngozi. Sindano haijaondoka hapo, imefichwa tu.

Huyo kijana muulize swali moja: ndani ya plasta kuna dawa gani, na kiasi gani? Akijibu kwamba inatibu kisukari, presha na miguu kufa ganzi kwa pamoja, umeshapata jibu lako. Akikuonyesha boksi, lipeleke kwa mfamasia akuangalizie kama limesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Turudi kwa mama, maana malalamiko yake ni ya haki na naona hajapata wa kuyasikiliza. Insulini iliyotoka kwenye friji huwasha. Chupa inayotumika inaweza kukaa nje ya friji wiki nne hivi, mradi isipate joto la kuzidi nyuzi 30, na kwa joto la Tanga chungu cha udongo chenye unyevu kinasaidia. Sindano iliyotumika mara nyingi hupoteza ncha, hapo ndipo maumivu yanapoanza. Kisha mpapase mapaja. Ukikuta vinundu laini, ni kwa sababu anachoma palepale kila siku. Hapo haumii sana, ndiyo maana anapapenda, ila insulini inayochomwa kwenye vinundu huingia mwilini ovyo. Ahamie tumboni, aache nafasi ya kidole kati ya sindano na sindano. Mjulisheni muuguzi wa kliniki kabla ya kuhama, kwani dawa ikianza kuingia vizuri sukari inaweza kushuka ghafla na dozi ikahitaji kupunguzwa.

Na kama ameshaacha sindano kimyakimya, usingoje tarehe ya kliniki. Kiu isiyokatika, kutapika, kupumua kwa nguvu au harufu ya matunda mdomoni, huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Kaka yako akitaka kusaidia, na kama mama anatumia kalamu, amnunulie sindano fupi za milimita 4. Hela ya mbuzi inatosha kununua vijiti vya kupimia sukari vya muda mrefu.