Mikono Isiyonawa
Twasoma katika historia ya uganga kwamba katika hospitali kuu ya Vienna akina mama waliozalishwa na madaktari walikufa kwa homa ya uzazi kuliko waliozalishwa na wakunga. Mwaka 1847 Daktari Ignaz Semmelweis akatambua sababu: madaktari walitoka kupasua maiti, wakawashika wazazi kwa mikono ile ile. Akaamuru wanawe kwa dawa ya klorini. Vifo vikapungua, toka kama 18 kwa kila wazazi 100 mwezi wa Aprili hadi kama 2 mwezi wa Juni.

Wakubwa wengi wakamkataa, maana kumkubali kulikuwa kuungama kwamba wao ndio walioua. Akafa mwaka 1865 katika nyumba ya wenye wazimu.

Nasi na tujiulize: tuonyeshwapo kosa letu, je, twanawa mikono, au twamchukia atuonyeshaye?