Glavu za Mtoto wa Mlimani: Somo la Upendo kwa Anayeanza Kufuma



Somo letu wiki hii ni 1 Samueli 2:18-21. Lisome kwanza, halafu urudi hapa. Hana amemtoa mwanae Samueli amtumikie Bwana kule Shilo, na yeye anaishi Rama. Kila mwaka, anapokwenda na mumewe kutoa sadaka, anambebea mtoto kanzu ndogo aliyoitengeneza mwenyewe. Kila mwaka kanzu nyingine, maana mtoto anakua. Hana anamshonea mtoto asiyemwona kila siku, kwa hiyo inabidi ajiulize: sasa hivi mwanangu atakuwa amefikia wapi?

Nataka tujifunze upendo wa namna hiyo kwa kazi ya mikono: kufuma glavu za mtoto mdogo kwa kroshia. Nilipolileta wazo hili kwa vijana huku Kyela, mmoja aliuliza papo hapo, "Frateri, glavu za nini na jua lote hili?" Swali zuri. Tuanzie hapo.

1. Baridi si yako

Kyela ni bondeni. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Hii ni nchi ya mpunga, kokoa na jasho. Lakini simama Matema uiangalie milima ya Livingstone inavyopanda kutoka ukingoni mwa maji. Huko juu, kwenye uwanda wa Kitulo, unavuka mita 2,500, na mwezi wa 6 au wa 7 asubuhi unaweza kukuta umande umeganda juu ya majani. Hata Tukuyu tu hapo, sweta si pambo. Mchele wetu unapanda huko, viazi vyao vinashuka kwetu. Baridi yao ndiyo haishuki.

Kwa hiyo kijana wa Kyela akifuma glavu, hawezi kuanza na anachokihisi mwilini. Lazima aulize. Kati ya matendo ya huruma ya kimwili tuliyofundishwa katika katekesi kuna kuwavika wasio na nguo, na wengi wetu tunasubiri kwanza tuguswe moyoni. Sasa je, kama hali ya mwenzako huwezi kuihisi kabisa? Mpigie simu. Una dada aliyeolewa Makete? Rafiki mwalimu aliyepangiwa Rungwe, mwenye mtoto? Anza na mtoto mmoja unayemjua jina.

Utasema, "Si ninunue tu za mtumba?" Ndiyo, kama mtoto anatetemeka leo, nunua leo. Baridi yake isisubiri wewe uhitimu kufuma. Ila na kufuma ujifunze, kwa sababu kununua kunamaliza shida ya siku moja, na kufuma kunakupa saa nyingi za kumfikiria mtu mmoja na kumwombea.

Na kaka zangu mnaocheka: wavuvi wetu wanakaa chini wanashona nyavu na hakuna anayewacheka. Yakobo na Yohane walikuwa wakitengeneza nyavu na baba yao Zebedayo Yesu alipowaita (Mathayo 4:21). Mtume Paulo alishona mahema (Matendo 18:3). Uzi hauulizi jinsia.

2. Kipimo si chako

Mwombe mama wa mtoto azungushe uzi kwenye kiganja cha mtoto, bila kidole gumba, kisha aupime kwa rula. Apime pia kutoka kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati. Wewe ongeza sentimita 1 kwenye urefu. Usikisie kwa mkono wako.

Tafuta uzi laini unaofulika, wa unene wa kati, na sindano ya kroshia ya milimita 4. Siku za kwanza usifume glavu. Fuma mnyororo wa vitanzi 20, geuza, rudi kwa mishono mifupi, geuza tena, na uhesabu kila mstari. Aristotle alisema tunakuwa wajenzi kwa kujenga, na vilevile tunakuwa wenye haki kwa kutenda haki. Mkono nao unajua kwa kurudia. Kingo zikinyooka, anza:

- Fuma mnyororo wa vitanzi 4, uunganishe uwe pete.
- Mzunguko wa 1: mishono mifupi 6 ndani ya pete. Funga kiuzi cha rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza, ujue mzunguko unapoanzia.
- Mzunguko wa 2: mishono 2 katika kila tundu. Jumla 12.
- Mzunguko wa 3: tundu moja mshono 1, linalofuata 2. Jumla 18.
- Mzunguko wa 4: matundu mawili mshono 1 kila moja, la tatu 2. Jumla 24.
- Sasa pima. Kikiwa kikubwa kuliko kiganja cha mtoto, chukua sindano ndogo zaidi. Kikiwa kidogo, chukua kubwa zaidi.
- Endelea kuzunguka bila kuongeza, mpaka ufike kwenye kifundo.
- Mzunguko mmoja wa kupunguza: mishono 4 ya kawaida, kisha 2 iunganishe iwe 1. Rudia. Itabaki 20.
- Zungusha mara 4 au 5, kata uzi, upitishe kwenye kitanzi cha mwisho, kaza, kisha uufiche kwa sindano.

Mtoto wa chini ya miaka 2 hahitaji sehemu ya kidole gumba. Ukimaliza, pindua glavu ndani nje ukate kila uzi unaoning'inia, kwa sababu uzi unaweza kuzunguka kidole cha mtoto ukazuia damu. Usiweke kamba ndefu. Na umwambie mama: ndani kukiwa na joto, amvue. Mtoto anajifunza dunia kwa kuishika.

3. Mkono wa pili

Hapa ndipo wengi tunaishia. Glavu ya kwanza inasukumwa na hamu: kitu kipya, unapiga picha, unaweka status, watu wanakusifu. Ya pili haina jipya. Mishono ni ileile, hesabu ni ileile, na hakuna atakayeshangaa. Lakini mtoto ana mikono miwili.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Mema ya mtoto huyu ni mikono miwili yenye joto. Ukiishia na glavu moja, umejifunza kufuma, sawa, ila mtoto bado ana baridi. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa uliyemtembelea mara moja, kwa rozari ya siku tatu za kwanza za Oktoba, na kwa jumuiya unayokwenda ikiwa kwenu tu. Hana hakupeleka kanzu moja akaacha. Alirudi mwaka uliofuata na nyingine, kubwa zaidi.

Kwa tafakari yako

1. Ni nani ambaye baridi yake huwezi kuihisi mahali ulipo? Utamuuliza lini?
2. Ni wema gani ulioufanya ukitumia kipimo chako mwenyewe?
3. "Glavu ya pili" yako ni ipi? Ni nini ulichokianza vizuri, na mtu bado anakisubiri?

Tusali: Ee Bwana, uliyeuumba mkono wa mtoto, nifundishe kuuliza kabla ya kutoa, kupima kabla ya kufuma, na kumaliza nilichoanza. Amina.