Mwanasesere wa Mchoraji

Hebu mwambie rafikiyo atulie umchore. Dakika kumi haziishi kabla hajaanza kujikuna! Basi wachoraji wa Ulaya walifanyaje? Walitumia mwanasesere wa mbao mwenye viungo vinavyokunjika: shingo, mabega, viwiko, kiuno na magoti. Ukimwinamisha, hubaki vivyo hivyo.

Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii wa Italia katika karne ya 16, anasema Fra Bartolomeo wa Florence (aliyefariki 1517) alitengenezewa mmoja mwenye kimo cha mtu mzima. Alimvisha nguo, akachora mikunjo yake taratibu. Mtu hai akipumua tu, mikunjo inabadilika.

Hata hivyo, mwanasesere ana kasoro. Hana misuli, na mzigo haumlemei. Ukimtegemea yeye pekee, watu wako watasimama kama milingoti.

Kwa hivyo, wenzangu wa somo la Sanaa, kwake tujifunze mahali viungo vinapokunjika. Kisha twende stendi tumtazame makanga akiinua gunia la viazi. Mgongo ule, mwanasesere hana.